Kwa nini wastani wa matone hauonyeshi mafuta yanayotoroka na rafinati

Swali. Msomaji mmoja wa Lubumbashi, anayemaliza masomo ya metalujia na kufanya mafunzo ya kazi katika kiwanda cha shaba, ameandika hivi: "Nimetengeneza kwenye kompyuta modeli ya matone ya organiki ndani ya tangi la kukorogea, kwa kutumia kanuni za kupasuka na kuungana za Coulaloglou na Tavlarides pamoja na konstanti nilizozikuta katika makala. Modeli inanipa wastani wa milimita 0.6, na picha tulizopiga kwenye kioo cha tangi zinakubaliana nao. Lakini nikiyapeleka matokeo hayo kwenye dekanta, modeli inasema rafinati itatoka safi kabisa, ilhali kila siku maabara inakuta mafuta ndani yake. Kosa liko wapi? Je, nihamie OpenFOAM, programu ya kuhesabu mwendo wa majimaji, na kuomba kompyuta kubwa zaidi?"

Jibu. Ndugu, modeli yako imejibu sawasawa swali uliloiuliza. Uliiuliza wastani, ikakupa wastani unaokubaliana na picha. Mafuta yanayotoroka hayamo katika wastani. Yamo katika vitone vidogo mno vilivyo pembeni kabisa ya mgawanyo wa ukubwa, na modeli, kwa jinsi ulivyoijenga, haina njia hata moja ya kuvizalisha vitone hivyo. Ukiipeleka modeli ileile kwenye kompyuta kubwa zaidi utapata jibu lilelile baada ya kungoja zaidi.

Kwa wasomaji wasiofanya kazi hii, niseme kwa ufupi jambo linalozungumzwa. Madini ya oksidi ya Katanga, kama malakaiti, huyeyushwa kwa asidi ya sulfuriki, na maji yenye shaba yanayopatikana hukorogwa pamoja na mafuta ya jamii ya mafuta ya taa (ndiyo organiki) ambamo imetiwa oksime, kemikali inayoishika shaba na kuiachia asidi irudi kwenye maji. Njia hii ilianza kutumika kwa kiwango cha kiwanda mwaka 1968, katika mgodi wa Bluebird huko Arizona, Marekani. Shaba huvuka kupitia uso wa matone, kwa hiyo matone madogo yana faida kwa kuwa uso wao wote kwa pamoja ni mkubwa. Baada ya kukorogwa, mchanganyiko huingia kwenye dekanta, ambamo mafuta hupanda juu na maji hukaa chini. Maji yaliyokwisha kunyang'anywa shaba ndiyo rafinati, nayo hurudishwa kwenye kuyeyusha madini. Mafuta yanayobaki ndani yake yamepotea, na oksime si kitu cha bei rahisi.

Tuanze na hesabu ya mkono, kwa sababu mtu asiyeweza kukadiria jibu kwa kalamu hana namna ya kujua kompyuta inapomdanganya. Kolmogorov mwaka 1949 na Hinze mwaka 1955 walifikia wazo moja: tone lililomo ndani ya msukosuko hupasuka pale nguvu za mawimbi ya mwendo yenye ukubwa kama wake zinapoushinda mvutano wa mpakani unaolishikilia. Kutokana na hapo, kipenyo cha tone kubwa kabisa linaloweza kusalimika ni takriban 0.725, mara mvutano wa mpakani uliogawanywa kwa densiti ya kimiminika kinachobeba na kupandishwa kipeo cha 0.6, mara nishati inayomezwa na kila kilo ya majimaji kwa sekunde iliyopandishwa kipeo cha hasi 0.4. Chukua mvutano wa nyutoni 0.025 kwa mita, densiti ya kilo 1,050 kwa mita ya ujazo, na nishati ya wati 1 kwa kilo. Utapata milimita 1.2 hivi kwa tone kubwa kabisa. Wastani wa Sauter, yaani jumla ya vipenyo vya ujazo ikigawanywa kwa jumla ya vipenyo vya mraba, kwa kawaida huwa karibu nusu ya hapo. Nusu ya 1.2 ni 0.6. Kwa maneno mengine, modeli yako yenye mamia ya mistari imekupa namba ambayo ungeipata kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Silisemi hilo kwa kuidharau kazi yako, maana ni dalili kwamba sehemu ya kupasuka umeiandika vizuri.

Lakini hesabu hiyo ina mpaka wake wa chini. Msukosuko nao una mawimbi madogo kabisa, ambayo chini yake mnato huuzima mwendo wote, na ukubwa wake ni mnato wa kinematiki wa ujazo ukigawanywa kwa nishati, kisha kipeo cha robo. Kwa maji na wati 1 kwa kilo hiyo ni mikromita 32 hivi, na kama kimiminika kinachobeba ni mafuta yenye mnato mara tatu ya maji, ni mikromita 72. Tone dogo kuliko hapo halipasuliwi tena kwa njia waliyoieleza Kolmogorov na Hinze, kwa sababu hakuna wimbi la kimo chake linaloweza kulivuta huku na huku. Kwa hiyo kanuni ya kupasuka uliyoitumia, iliyojengwa juu ya fikra hiyohiyo, haina haki ya kusema lolote kuhusu vitone vya mikromita 10.

Sasa twende kwenye dekanta, tuone ni ukubwa gani unaotoroka. Kanuni ya Stokes ya mwaka 1851 inatosha hapa. Kwa tofauti ya densiti ya kilo 230 kwa mita ya ujazo, na maji yenye mnato wa kawaida, tone la mafuta la mikromita 100 hupanda milimita 1.25 kwa sekunde, na litavuka tabaka la maji la sentimita 30 kwa dakika 4. Tone la mikromita 10, ambalo kipenyo chake ni moja ya kumi, hupanda mara mia polepole zaidi na litahitaji karibu saa 6 na dakika 40 kuvuka tabaka lilelile. Hakuna dekanta ya kiwanda inayoyaweka maji muda huo. Matone yako ya milimita 0.6 yatapanda katika sekunde chache, ndiyo maana modeli inatangaza rafinati safi. Kwa matone inayoyajua, imesema kweli.

Hebu tupime jinsi wastani unavyoficha jambo hili. Tuseme asilimia 99.99 ya ujazo wa organiki imo katika matone ya milimita 0.6, na asilimia 0.01 iliyobaki imo katika vitone vya mikromita 10. Wastani wa Sauter utashuka kutoka 0.600 hadi takriban 0.596. Hakuna kamera wala modeli itakayokuonyesha tofauti hiyo. Hata hivyo tone moja la milimita 0.6 lina ujazo wa vitone 216,000 vya mikromita 10, kwa hiyo asilimia ile 0.01 ina maana kwamba kwa kila tone kubwa kuna vitone zaidi ya 20 vinavyoelea kando yake. Ikiwa mafuta na maji yanapita kwa kiasi sawa, ni mililita 100 za organiki katika kila mita ya ujazo ya rafinati, na mahali panapopita mita 1,000 za ujazo kwa saa, ni lita 100 kila saa. Wastani ule, uliotulia kwenye jedwali lako, haukutikisika kiasi cha kuonekana.

Kwa nini modeli haivitengenezi vitone hivi? Tazama sehemu ambayo wanafunzi wengi huinakili bila kuisoma: mgawanyo wa matone yanayozaliwa. Katika makala yao ya mwaka 1977, Coulaloglou na Tavlarides walidhani kwamba tone hupasuka likatoa mawili, na kwamba uwezekano mkubwa zaidi ni mawili hayo kuwa sawa kwa ujazo, huku mgawanyo wa kawaida ukipungua kwa kasi pande zote mbili. Kwa dhana hiyo, tone la milimita 0.6 linazaa matone ya karibu milimita 0.48, na uwezekano wa kuzaa kitone cha mikromita 10 ni sifuri kwa maana zote za kazi yetu. Luo na Svendsen, mwaka 1996, walifikia umbo lililo kinyume, ambalo mgawanyiko sawa kwa sawa ndio wenye uwezekano mdogo kuliko yote. Modeli hizo mbili zinaweza kurekebishwa zikatoa wastani uleule na zikatofautiana vibaya sana kwenye mkia wa mgawanyo, yaani kwenye vitone vidogo kabisa. Angalia pia madaraja ya ukubwa uliyoyapanga: kama daraja lako la chini kabisa linaanzia mikromita 50, kama wengi wanavyofanya ili hesabu iende upesi, basi umekwisha kuvifuta vitone vyote vinavyokusumbua kabla ya programu kuanza kuhesabu.

Katika tangi halisi vitone hivyo huzaliwa kwa njia kadhaa, na kupasuka kwa kawaida ni moja tu. Tone linapovutwa na pangaboi hufanya shingo nyembamba kati ya nusu mbili, na shingo hiyo ikikatika huacha nyuma yake vitone vidogo ambavyo si mali ya nusu yoyote. Njia ya pili inashangaza zaidi, kwa maana ni kuungana kwenyewe. Tone linapofika kwenye mpaka wa tabaka lake na kuanza kumezwa, halimezwi lote kila mara. Charles na Mason walieleza mwaka 1960 jinsi linavyoweza kuacha tone dogo zaidi, ambalo nalo humezwa na kuacha dogo kuliko lenyewe. Utando mwembamba uliokuwa kati ya tone na mpaka nao, ukipasuka, unaweza kujikunja na kuwa vitone vidogo mno. Na kama pangaboi linavuta hewa kutoka juu, kila kiputo hubeba utando wa mafuta ambao utatawanyika ndani ya maji. Hiyo ya mwisho hairekebishwi kwa modeli. Inarekebishwa kwa kuangalia kimo cha majimaji juu ya pangaboi, na ningekushauri ukaitazame kabla ya kurudi kwenye kompyuta.

Hapa lazima nikuulize jambo ambalo barua yako haikulitaja: katika tangi lako, ni kimiminika kipi kinachobeba na kipi kimekuwa matone? Modeli yako inadhani mafuta ndiyo matone. Viwanda vingi, katika hatua ya mwisho ambayo rafinati hutokea, huchagua kwa makusudi kuendesha tangi mafuta yakiwa ndiyo yanayobeba na maji yakiwa matone, kwa sababu matone yakiungana hutoa tabaka safi kiasi, na uchafu wa vitone vidogo hubaki zaidi katika kile kilichokuwa kinabeba. Ikiwa kiwanda chako kinafanya hivyo, unafanya hesabu ya tangi lingine. Mafuta yaliyomo katika rafinati yatakuwa vitone vilivyofungwa ndani ya matone ya maji, pamoja na vile vilivyozaliwa kwenye tando zilizopasuka ndani ya dekanta, na modeli yenye aina moja tu ya matone haina mahali pa kuviandika. Hali hizi mbili hubadilishana pia. Kuna upana wa uwiano wa maji na mafuta ambamo hali yoyote kati ya hizo yaweza kudumu, na itakayotawala hutegemea historia: umeme ukikatika, tabaka zikatengana, kisha pangaboi likaanza upya likiwa limezama ndani ya maji, tangi linaweza kuamka likiwa limebebwa na maji ingawa jana yake lilibebwa na mafuta. Fundi anayepima upitishaji wa umeme wa mchanganyiko anaijua hali hiyo mara moja, kwani mchanganyiko unaobebwa na maji hupitisha umeme na ule unaobebwa na mafuta haupitishi. Mwombe daftari la vipimo hivyo kwa siku zile maabara ilipokuta mafuta mengi, kisha uzilinganishe tarehe.

Nije kwenye konstanti, kwa kuwa ndipo ninapotofautiana zaidi na namna ulivyofanya. Kanuni za Coulaloglou na Tavlarides zina konstanti nne, mbili za kupasuka na mbili za kuungana. Zile za kupasuka husafiri kiasi kutoka tangi moja hadi jingine. Ile inayoamua kama matone mawili yaliyogongana yataungana haisafiri, kwa sababu inabeba kizio chake chenyewe, imejengwa juu ya picha rahisi ya utando unaochuruzika kati ya matone mawili safi, na thamani zake katika makala hutofautiana mara maelfu. Kuichukua kutoka kwa majaribio ya mtu aliyetumia maji yaliyosafishwa na kimiminika kimoja halisi, ukaiweka kwenye maji ya madini ya Katanga, ni kubahatisha. Maji hayo yana silika iliyoyeyuka na chembe laini za udongo ambazo hukaa kwenye mpaka, huzuia utando usipasuke, na kujikusanya kuwa lile tabaka chafu ambalo mafundi huliita kradi. Silika huleta shida zaidi pale maji yanapobeba, nayo ni sababu nyingine ya viwanda kupendelea mafuta yabebe. Baridi nayo inahusika: usiku wa Juni na Julai mjini Lubumbashi joto hushuka chini ya nyuzi 10, mnato wa mafuta hupanda, na utando wa mafuta kati ya matone ya maji huchukua muda mrefu zaidi kuchuruzika. Modeli iliyopimwa kwa nyuzi 25 haitaliona hilo isipokuwa umeipa mnato wa usiku ule.

Kuna mtego mwingine ndani ya konstanti hizo. Katika tangi lisilo na mtiririko, ukizidisha kasi ya kupasuka mara kumi na kasi ya kuungana mara kumi, mgawanyo wa mwisho haubadiliki hata kidogo, kwa sababu ni mizani ya hayo mawili. Picha zako zilipigwa baada ya tangi kutulia. Kwa hiyo kukubaliana nazo kunathibitisha uwiano tu, na kuna seti nyingi za konstanti ambazo zingekubaliana vilevile. Yatenganishe mambo haya kwa majaribio ambayo maabara yoyote yenye bika, kikorogeo na kamera inaweza kuyafanya. Kwanza, koroga organiki kidogo sana, asilimia 1 ya ujazo au chini yake, ili matone yasikutane mara kwa mara. Kinachobadilika hapo ni kupasuka peke yake. Kisha rudi kwenye uwiano wa kiwanda, koroga kwa kasi mpaka matone yatulie, punguza kasi ghafla, na uyafuatilie matone yanavyokua kwa dakika zinazofuata. Hapo kuungana kunatawala. Tumia maji ya kiwanda na organiki ya kiwanda iliyokwisha kufanya kazi, kwa kuwa organiki mpya kutoka kwenye pipa inaungana kwa tabia nyingine.

Kupima mkia kunahitaji chombo kingine. Picha ya kwenye kioo huona matone yaliyo karibu na ukuta, na kwa kamera ya kawaida kitone cha mikromita 10 hakionekani kabisa. Chukua rafinati yenyewe inapotoka kwenye dekanta, uitie kwenye sentrifuji, na usome ujazo wa mafuta yaliyojitenga. Sampuli nyingine iangalie chini ya hadubini mara moja, kabla vitone havijapanda kwenye kioo. Ukiupata ujazo na ukubwa, unaweza kuongeza katika modeli yako neno moja jipya: sehemu ndogo ya ujazo wa kila tukio la kupasuka, na ya kila tukio la kuungana, inayoangukia kwenye daraja la mikromita 5 hadi 20. Sehemu hiyo itakuwa ni kigezo ulichokipima, si nadharia, na katika kazi yako useme hivyo waziwazi. Mimi naona ni heshima zaidi kwa sayansi kuliko kuazima kanuni yenye jina kubwa isiyokuwa na vitone hivyo ndani yake. Kuhusu vitone vidogo kuyeyuka na kuvilisha vikubwa, jambo ambalo watengenezaji wa losheni hulihangaikia, wewe liache. Mafuta ya aina hii hayayeyuki katika maji kiasi cha kuleta tofauti ndani ya dakika chache.

Limebaki swali la OpenFOAM. Programu hiyo ni ya bure, inaweza kuhesabu mwendo wa majimaji pamoja na mlinganyo wa idadi ya matone, na siku moja utaihitaji, kwa sababu nishati katika tangi haijagawanyika sawa. Karibu na pangaboi inaweza kuwa mara 20 ya wastani, na hapo tone kubwa kabisa linaloweza kusalimika hushuka kutoka milimita 1.2 hadi karibu 0.37. Hii pia ndiyo sababu mtu hawezi kutoka bika kwenda tangi la kiwanda kwa kulinganisha wati kwa kilo tu, maana katika tangi kubwa matone hukaa muda mrefu zaidi mbali na pangaboi, na huungana njiani kabla ya kurudi kupasuliwa. Lakini sehemu kubwa ya athari hiyo utaipata kwa kuligawa tangi katika kanda mbili ndani ya programu uliyonayo, moja ndogo yenye nishati kali na moja kubwa iliyotulia, huku majimaji yakibadilishana kati yao kwa kiasi ambacho pangaboi linasukuma. Kompyuta ya kawaida ya mkononi italimaliza hilo kwa dakika chache, nawe utaweza kulirudia mara mia kwa konstanti tofauti ili uone ni ipi inayoitikisa rafinati na ipi haina uzito. Ukiwa na jedwali hilo mkononi, ndipo utajua kama inafaa kuomba kompyuta kubwa, na uombe ihesabu tangi la hali ipi, la mafuta yanayobeba au la maji yanayobeba.